NFL wanataka miili yetu, sisi tudai makocha

Ukitoka Bomet ukafika Nairobi, kuna swali utaulizwa hata kabla ya jina la pili: "Wewe unakimbia mita ngapi?" Nimeulizwa na makanga, nimeulizwa na mwenye nyumba, nimeulizwa na askari wa lango nilipokwenda kutafuta kibarua. Mimi nakimbia mita za kutoka steji hadi kwa mama mboga mvua ikianza, basi. Lakini ukisema hivyo watu wanakutazama kama umewaibia kitu. Mkalenjin asiyekimbia! Kwani uliumwa?

Kwetu ni Chebunyo, Chepalungu. Na kabla hujaniuliza kuhusu majani chai: chai iko kule juu, Konoin na Bureti mpaka Kericho. Sisi wa huku chini ni ng'ombe, mahindi na vumbi. Nina binamu huko ambaye ndiye sababu ya mimi kuandika haya. Ana miaka 19, huinama akiingia dukani, na mkebe wa maziwa uliojaa anaupandisha kwenye boda kama mtu anayeweka chupa ya chai mezani. Shuleni alijaribu mbio, akawa wa mwisho. Akajaribu kandanda, wakamweka golini kwa sababu "anaziba." Walimu walikuwa watu wazuri tu, lakini kwao michezo ilikuwa miwili, na mwili wake haukutosha kwenye wowote. Siku hizi anapakia mizigo kwenye malori siku ya soko.

Sasa, kuna mchezo mmoja duniani ambao mwili kama huo unatafutwa kwa tochi. Ni kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mabega yaliyovimba, na ligi yake kubwa ni NFL. Najua, umeshauruka kwenye simu mara mia. Fainali yao, Super Bowl, huanza saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu kwa saa zetu, wakati ambao hata mlinzi amelala. Na ukijitahidi kutazama unaona watu wanagongana sekunde tano, halafu wanasimama kama wako kwenye foleni ya Huduma Centre.

Wacha nikufungulie mlango kidogo. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusogea yadi 10, yaani kama mita tisa hivi. Ikifika, inapewa nne nyingine. Isipofika, mpira unaenda kwa wapinzani. Pale wanaposimama hawapumziki, wanapanga. Kila mmoja wa wale 11 ana kazi aliyoikariri kutoka kwenye kitabu kinene cha mbinu, na mmoja akikosea hatua moja, kwotabeki, yule mrusha mpira, anaangukiwa na jitu la kilo 130. Ni drafti, ile ya vifuniko vya soda, ila hapa vifuniko vina uzito na vina hasira.

Nataka ukumbuke hilo la kitabu, kwa sababu hoja yangu yote imekaa hapo. Watu wanadhani huu ni mchezo wa miili mikubwa. Miili ni kiingilio tu, ukishaingia ni darasa.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na raga. Miaka ya 1880, Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye aliyeichukua raga ya Waingereza na kuikatakata vipande vipande, kila timu ikae na mpira kwa zamu yake. Mwaka 1906 wakaruhusu mpira kurushwa mbele kwa mkono, baada ya vijana kufa viwanjani kiasi cha Rais Theodore Roosevelt kuviita vyuo na kuvionya. Ligi ya kulipwa ilianzishwa mwaka 1920 katika mji wa Canton, jimbo la Ohio, ndani ya duka la kuuzia magari. Si uwongo, wenye timu walikutana katikati ya magari. Na rais wao wa kwanza unajua alikuwa nani? Jim Thorpe, Mwamerika asilia aliyeshinda dhahabu mbili za riadha katika Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912. Akanyang'anywa medali mwaka uliofuata kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti kucheza besiboli, na ilichukua hadi 2022 kwa Kamati ya Olimpiki kumtambua tena kama mshindi pekee. Chuoni kwake kocha alikuwa mmoja, Pop Warner, riadha akifundisha yeye na kandanda akifundisha yeye. Kwa hiyo ukiambiwa mtu wa riadha na mtu wa mchezo huu ni mbegu mbili tofauti, uliza ni nani alikalia kile kiti cha kwanza.

Tena majina yetu yameshafika huko muda mrefu. Super Bowl ya Februari 2008, New York Giants dhidi ya New England Patriots. Patriots walikuwa hawajapoteza mechi hata moja msimu mzima, 18 kwa 18. Giants walikuwa na mdakaji mkongwe aitwaye Amani Toomer. Patriots walikuwa na beki aitwaye Asante Samuel. Amani na Asante, kabisa, majina ya Kiswahili waliyopewa na wazazi Wamarekani weusi. Dakika za mwisho mpira ukapita mikononi mwa Asante, angeudaka mechi ingeisha, ukamponyoka. Giants wakashinda 17 kwa 14. Amani ikamshinda Asante, na sisi huku tulikuwa na yetu ya Februari 2008, kila mtu anakumbuka ni amani gani tuliyokuwa tukiitafuta.

Kwenye kikosi hichohicho cha Giants, akiuguza mguu uliovunjika, alikuwemo Mathias Kiwanuka. Ndiyo, Kiwanuka wa Uganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo kabla tu ya uhuru, baadaye Jaji Mkuu aliyetolewa mahakamani na askari wa Idi Amin mwaka 1972 akauawa. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, akaucheza mchezo tangu shuleni, akaenda Boston College, na mwaka 2006 Giants wakamchagua katika raundi ya kwanza. Februari 2012 alikuwa uwanjani, mzima, Giants walipowapiga Patriots tena, 21 kwa 17. Mechi ilichezewa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, mji huohuo, akashuka Mkenya.

Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi. Wapenzi wa raga wanamjua: alipitia New Zealand na Afrika Kusini, na mwaka 2013 alikuwa na Southern Kings. Mrefu wa kupita futi sita na nusu ukimvalisha viatu, uzito zaidi ya kilo 110, na mbio juu yake. Julai 2013 Indianapolis Colts wakamsaini. Hakuwa amecheza hata mechi moja ya kandanda ya Kimarekani maishani mwake, si shuleni, si chuoni, si mtaani. Kocha mkuu alikuwa Chuck Pagano, na wakampanga nyuma ya ukuta wa mbele, nafasi ya kuwinda wenye mpira. Kufikia Desemba mwaka huohuo alikuwa uwanjani katika mechi ya ligi, Mkenya wa kwanza kabisa kufika hapo.

Miezi mitano. Hebu ifikirie. Mtu anakutoa Bomet, anakuweka kwenye darasa la Kichina, na baada ya miezi mitano anakuambia fanya mtihani, tena wenzako wameanza kusoma Kichina wakiwa na miaka minane. Kuna vitu vidogo ambavyo raga inakufundisha vizuri na mchezo huu unakuadhibu kwa vivyo hivyo. Kwenye raga mpira unatembea na wewe unatembea nao, unasoma mchezo ukiwa ndani yake. Huku unatakiwa uwe umeshausoma kabla haujaanza: ukiona jamaa wa mwisho upande wa kulia amesogea hatua mbili, ujue mpira unakwenda wapi. Hiyo huipati kwa misuli.

Adongo alitumiwa zaidi kwenye vikosi maalum, vile vinavyoingia wakati wa kupiga mpira kwa mguu, ambapo kazi ni kukimbia na kugonga. Majeraha yakamwandama. Mwaka 2015 Colts wakamwachilia. Ukihesabu mechi zake zote za ligi hazifiki kumi. Nyumbani habari iliandikwa alipoondoka kwa shangwe, "Mkenya wa kwanza NFL," na ilipoisha ikaisha kimya kimya. Tukasema "ilikataa." Sijaona mtu aliyekaa chini akauliza kwa nini ilikataa, wakati jibu lake ndilo lenye faida kwa kijana anayefuata.

Mlinganishe na Jordan Mailata. Huyu ni Mwaustralia, wazazi wake kutoka Samoa, naye akitoka raga kama Adongo, ile ya wachezaji 13. Jitu la mita mbili na zaidi. Mwaka 2018 Philadelphia Eagles wakamchukua katika raundi ya saba, ya mwisho, namba 233. Naye hakuwa amecheza hata mechi moja. Tofauti ni kilichofuata: hawakumtupa uwanjani. Msimu wa kwanza hakucheza. Wa pili hakucheza, mgongo ukimsumbua. Miaka miwili mizima alikuwa mwanafunzi wa kocha mmoja, Jeff Stoutland, aliyekuwa akifundisha safu ya walinzi wa kwotabeki. Namna ya kuweka mguu wa kwanza. Namna ya kuweka mikono. Tena. Tena. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa 2020. Februari 2025 alikuwa bingwa wa Super Bowl, Eagles wakiwachapa Kansas City Chiefs 40 kwa 22, yeye akiwa nguzo ya upande wa kushoto.

Wachezaji wa NFL wakitambulishwa kwenye runinga husema jina na chuo walichosoma. Mailata, ambaye hakusoma chuo chochote, husema amesoma "Jeff Stoutland University." Watu hucheka. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, sikucheka sana. Nilifikiri: kumbe mtu anaweza kuwa chuo.

Sisemi Adongo angekuwa Mailata. Mwili haufanani na mwili, na nafasi ya Adongo ni ngumu zaidi kujifunza ukubwani. Nasema tu kwamba mmoja alipewa miezi na mwingine alipewa miaka na mwalimu, na sisi tukalaumu damu.

Mwalimu, kwa kweli, ndiye historia ya mchezo huu. Kombe la Super Bowl linaitwa Vince Lombardi, kocha wa Green Bay Packers walioshinda mbili za kwanza. Kabla ya umaarufu Lombardi alikuwa mwalimu wa sekondari, akifundisha fizikia, kemia na Kilatini, na jioni kandanda. Wachezaji wake walichoka kurudia mbinu moja ileile. Kombe kubwa kuliko yote ya Marekani limebeba jina la mwalimu wa kemia! Tafadhali mpelekee habari hii mwalimu wako wa kemia.

Kama Philadelphia ni mbali, njoo hapa Nandi. Julius Yego. Mkalenjin ambaye aliamua kurusha mkuki wakati kila mtu karibu naye anakimbia, hana kocha, akajifunza kwa video za YouTube. Hiyo sehemu tunaipenda sana, tunaisimulia mpaka kwenye matangazo. Sehemu tunayoiruka ni kwamba baadaye alipelekwa Finland kufundishwa na kocha wa mkuki, mtu wa kumwambia kiwiko kiko chini. Kisha ndipo zikaja mita 92.72 na ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015, halafu fedha ya Olimpiki Rio 2016. Video ilimfungulia, mwalimu akammalizia. Tukisimulia nusu ya kwanza pekee, serikali inapata kisingizio kizuri sana: kijana nunua bando, ujifundishe.

Kuna mtu hapa anasema, "Buda, mimi na NFL wapi na wapi? Mimi ni mtu wa Arsenal." Sawa. Lakini kama una kaka au dada aliyekwenda Marekani kwa mbio, mchezo huu umeshakula nawe meza moja. Vyuo vikubwa vya kule huingiza pesa nyingi zaidi kwa kandanda yao, tiketi na runinga, na pesa hizo ndizo zinazobeba michezo isiyojilipa, mbio zikiwemo. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Tangu enzi zake na kabla yake, mamia ya vijana wa Bonde la Ufa wamesomeshwa kwa njia hiyo, na katika kila karo ile kulikuwa na jasho la majitu yenye kofia ngumu.

Na mambo yanabadilika. Juni 2025 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Sehemu kubwa inakwenda kwa wachezaji wa kandanda, ni haki yao, wao ndio wanaozileta. Lakini vyuo vimeanza kukata michezo midogo ili hesabu zikubali. Washington State, chuo cha Rono, mwaka huohuo kilitangaza kinaondoa kurusha na kuruka na kubaki hasa na mbio ndefu. Kwa mkimbiaji wetu, afadhali. Kwa kijana mzito wa kutupa tufe, mlango umefungwa. Halafu tunaendelea kuambiana kwamba njia ya Mkalenjin ni moja.

Kuna hofu moja ambayo siwezi kuiruka, na mama yeyote wa Chebunyo ataiuliza kabla yangu: vichwa. Mwaka 2002, daktari Mnigeria aliyekuwa akipasua maiti mjini Pittsburgh, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji maarufu wa Steelers aliyekufa akiwa amechanganyikiwa. Akakuta uharibifu uliotokana na kugongwa miaka na miaka. Alipoandika matokeo mwaka 2005, madaktari wa NFL walitaka andiko liondolewe. Ligi ilikuja kukubali kulipa wachezaji wa zamani fidia inayofika dola bilioni moja. Will Smith alimwigiza Omalu kwenye filamu. Kwa hiyo usiniambie nauza ndoto tamu. Ni kazi ya hatari, wengi hawamalizi miaka minne, na mtu akiingia aingie akiwa amesoma mkataba.

Lakini sisi si wageni wa kazi za hatari zisizo na bima. Uliza waliochuma chai miaka thelathini migongo yao ikoje, halafu mashine zikaja.

Mwaka 2023 NFL walileta kambi yao Nairobi, wakiongozwa na Osi Umenyiora, mwana wa Wanigeria na bingwa mara mbili na Giants, yuleyule wa mechi ya Amani na Asante. Vijana wakapimwa urefu, uzito, kasi, wachache wakachaguliwa waende mbele. Nafurahi walikuja. Ila ukitazama vizuri ni uchumaji uleule tunaoujua: majani mawili na chipukizi, kikapu kijae, lori liondoke. Kichaka kinabaki na mwenye shamba, na hakuna aliyekitia mbolea. Kijana aliyepimwa akakosa sentimita mbili alirudi nyumbani na fulana. Hakuachiwa kocha. Hakuachiwa hata mpira.

Na mpira sasa una sababu nyingine. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na aina nyepesi ya mchezo huu: watano kwa watano, hakuna kugongana, badala ya kumwangusha mtu unachomoa kitambaa kinachoning'inia kiunoni. Wanaume kwa wanawake. Vichwa viko salama, kofia hazihitajiki, gharama ni mikanda, vitambaa na mpira mmoja, na mabinti wetu wenye kasi ya mita 100 ambao hawana hamu ya kuzunguka mlima mara ishirini wanapata pa kuipeleka. Kitabu cha mbinu ni kilekile, kichwa kinafanya kazi ileile.

Wakati huohuo serikali imefungua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo kwenye shule za sekondari ya juu, wanafunzi wa kwanza wakiingia Januari 2026. Jina zuri. Ninachouliza kaunti ya Bomet na wizara ni nani anafundisha. Kama jibu ni yuleyule mwalimu wa dini aliyepewa filimbi kwa sababu ni mrefu, basi tumebadilisha bango tu. Chukueni walimu kumi, wapelekeni kozi ya michezo mitatu ambayo hatuna: kurusha, raga, na huu wa vitambaa. Kumi kwa kaunti nzima. Ni pungufu ya idadi ya maafisa wanaosafiri mkutano mmoja wa hoteli Naivasha.

Na nyinyi wenye miili hiyo, mnaosoma hili kwenye steji mkisubiri mzigo: NFL wakirudi na futi zao za kupimia, nendeni, mpimwe. Lakini msiulize mshahara kwanza. Ulizeni kocha ni nani, anakaa na mtu miaka mingapi kabla ya kumwacha, na goti likivunjika mwaka wa kwanza, bili ya hospitali inatumwa kwa nani.